Petroli Nayo Huzeeka: Jinsi ya Kutunza Mafuta ya Mashine Ndogo za Usharika

Utangulizi



Kuanzia Engutoto na Njiro hapa mjini hadi vijiji vya miteremko ya Mlima Meru, ni nadra kukuta usharika usio na mashine hata moja ya petroli. Ipo jenereta ya ofisi au ya zahanati. Ipo pampu ya kumwagilia bustani ya mboga ya kikundi cha akina mama. Ipo mashine ya kufyekea nyasi, na penye miti ya mbao upo msumeno wa mnyororo. Mashine hizi zimepatikana kwa sadaka za washarika na kwa michango ya wafadhili, hivyo zinapokufa mapema hasara ni ya watu wengi.

Tunapotembelea miradi, malalamiko tunayosikia mara kwa mara ni haya: "Jenereta ni nzuri, imetumika kidogo tu, lakini sasa haiwaki." Ndani ya maneno hayo, "imetumika kidogo tu", ndimo mlimo chanzo cha tatizo. Mashine ya petroli haichakazwi na kazi peke yake. Mara nyingi huharibiwa na kukaa, hasa ikikaa na petroli ndani yake. Lengo la makala hii ni kueleza kwa nini petroli huzeeka, na hatua ambazo kamati inaweza kuchukua bila gharama kubwa ili mafuta na mashine vidumu.

Kwa nini tulizungumzie sasa

Wengi wetu tunakumbuka mgao wa umeme wa mwaka 2006, na ule wa mwaka 2011. Sharika na zahanati nyingi zilinunua jenereta ndogo katika vipindi hivyo, na nyingine zikanunua wakati wa upungufu wa umeme wa mwaka 2023. Mwaka 2024 bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lilianza kuzalisha umeme, nayo hali ikapata nafuu.

Nafuu hiyo imeleta tatizo jipya. Jenereta iliyokuwa ikinguruma kila jioni sasa hukaa miezi kadhaa bila kuguswa. Kisha inafika usiku wa mvua za masika, mti unaangukia nyaya, na zahanati ina mama anayejifungua. Muuguzi anavuta kamba ya jenereta mara ishirini bila mafanikio. Petroli imo kwenye tangi, lakini ni ya tangu mwaka jana. Usiku kama huo hakuna anayejali jenereta ilinunuliwa kwa shilingi ngapi. Kinachotakiwa ni iwake.

Petroli ni kitu gani na huzeekaje?

Petroli si kitu kimoja kama maji. Ni mchanganyiko wa mamia ya vimiminika vinavyotokana na mafuta ghafi, vingine vyepesi sana na vingine vizito zaidi. Vile vyepesi ndivyo vinavyogeuka mvuke kwa haraka na kuiwezesha injini ya baridi kuwaka. Vile vizito huungua vizuri baada ya injini kupata moto. Mchanganyiko huo ukikaa, hupatwa na mambo matatu.

*La kwanza ni kuruka.* Mfuniko usipobana, vile vyepesi hutoweka kwanza. Kinachobaki bado kinanuka petroli, na kukiwasha kwa kiberiti kitawaka, lakini injini ya baridi haikitaki. Ndiyo maana mtu anaweza kuapa kuwa mafuta yapo na ni mazuri, huku mashine ikikataa.

*La pili ni kuungana na hewa.* Oksijeni iliyomo ndani ya chombo huungana polepole na baadhi ya sehemu za petroli na kutengeneza utomvu unaonata. Kabureta ya mashine ndogo ina matundu membamba sana, ambayo mafundi huyaita jeti. Utomvu kidogo tu hutosha kuyaziba, na ukikauka huacha utando wa rangi ya kahawia, mgumu kama vanishi ya mbao. Joto huharakisha jambo hili. Kwa kawaida, joto likiongezeka kwa nyuzi 10, mabadiliko ya namna hii huenda kasi karibu mara mbili.

*La tatu ni maji.* Katika maeneo yetu ya mlimani mchana huweza kuwa na joto na usiku kukawa na baridi kali, hasa mwezi Juni na Julai. Hewa iliyomo kwenye tangi lisilojaa hupoa usiku, na unyevu wake hugeuka matone. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini, mahali hasa ambapo mashine inavuta mafuta. Huko huleta kutu na kuzimisha injini.

Wafugaji wetu wanajua kuwa maziwa yaliyokaa kwenye kibuyu yanaweza kuwa mtindi mzuri. Petroli haina mtindi. Ikiharibika imeharibika, wala hakuna dawa ya kuirudisha katika hali yake ya mwanzo.

Ni vema pia ikaeleweka kuwa petroli tunayonunua haijazaliwa siku ile tunayoinunua. Kiwanda cha TIPER cha Kigamboni kiliacha kusafisha mafuta ghafi karibu na mwaka 2000, na kile cha Changamwe, Mombasa, kikaacha mwaka 2013. Tangu hapo petroli yetu huja kwa meli ikiwa imeshasafishwa nje. Hushushwa bandarini, hukaa kwenye maghala, kisha husafiri kwa lori mamia ya kilomita hadi Arusha. Kwa hiyo hata petroli "mpya" imeshakula sehemu ya umri wake.

Inaweza kukaa muda gani?

Petroli iliyo kwenye chombo kinachofaa, kilichofungwa vizuri, hufaa kwa takribani miezi 6 kama joto la mahali ni nyuzi 20. Joto likifika nyuzi 30, muda huo hushuka hadi takribani miezi 3. Arusha ina sifa ya ubaridi, lakini stoo yenye paa la bati saa nane mchana wa mwezi Februari haina ubaridi wowote. Petroli iliyomo ndani ya tangi la mashine, ambalo mfuniko wake una tundu la kupitisha hewa, huanza kupoteza ubora baada ya mwezi 1 hivi. Watengenezaji wengi wa injini ndogo nao hushauri isitumike petroli iliyozidi siku 30 bila kuwekewa dawa ya kuihifadhi.

Kwa kamati zetu tunapendekeza kanuni rahisi ya kukumbuka: *mwezi 1 kwenye mashine, miezi 3 kwenye dumu.*

Ipo dawa ya kuhifadhi petroli inayouzwa kwenye baadhi ya maduka ya vipuri. Inafaa, kwa sharti kwamba itiwe kwenye petroli ikiwa bado mpya. Ikitiwa kwenye petroli iliyokwisha kuzeeka ni kupoteza fedha.

Kishawishi cha kununua pipa zima

Kila mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta. Pakiwa na fununu kuwa bei itapanda, hutokea mjumbe akashauri linunuliwe pipa zima la akiba. Shauri hilo linaonekana la busara, lakini tufanye hesabu kwanza.

Jenereta ndogo ya ofisi hutumia takribani lita 1 kwa saa. Ikiwashwa saa 10 kwa mwezi, inahitaji lita 10. Pipa la lita 200 litaisha baada ya miezi 20, na tumeona kuwa petroli inahesabika kwa miezi 3. Kwa maneno mengine, lita 30 za kwanza zitakuwa nzuri, na lita 170 zitakuwa za mashaka. Tuseme bei imepanda kwa shilingi 100 kwa lita. Akiba iliyopatikana kwa pipa zima ni shilingi 20,000. Muulizeni fundi wenu bei ya kabureta mpya kabla ya kuifurahia hiyo 20,000. Isitoshe, pipa la petroli katika eneo la kanisa ni hatari kubwa ya moto, kama tutakavyoona mbele.

Ushauri wetu ni kwamba kamati inunue mafuta ya mwezi mmoja, au miezi miwili ikizidi sana, na kiasi kinachohifadhiwa mahali pamoja kisizidi lita 20.

Tununue wapi?

Petroli inunuliwe kwenye kituo chenye wateja wengi, kwa kuwa mafuta yake hayakai sana ardhini, na risiti ichukuliwe. Ile inayouzwa kwenye chupa kando ya barabara tuiepuke. Kuuza mafuta bila leseni ni kinyume cha sheria, na pia mnunuzi hajui ile chupa imeanikwa juani siku ngapi wala ndani yake mna nini.

Neno "uchakachuaji" tunalifahamu wote. Wakati mafuta ya taa yalipokuwa na bei ndogo kuliko petroli na dizeli, baadhi ya wafanyabiashara waliyachanganya humo. Mwaka 2010 EWURA ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwabaini, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya mchezo huo. Tatizo limepungua, lakini chupa ya barabarani haina mkaguzi.

Chombo cha kuhifadhia

Dumu la njano la mafuta ya kula limekuwa chombo cha kila kitu, maji, pombe na petroli pia. Kwa petroli halifai. Plastiki yake haikutengenezwa kwa kazi hiyo, mvuke hupenya taratibu, na mfuniko wake hulegea. Chupa ya soda au ya maji ya kunywa ni mbaya zaidi, maana mtoto akiiona atadhani ni kinywaji.

Chombo kinachofaa ni dumu la chuma, au la plastiki nzito lililotengenezwa maalumu kwa petroli, lenye mfuniko wa kubana na mpira wake. Lile dumu la chuma la lita 20 lenye mishikio mitatu lilibuniwa na Wajerumani katika miaka ya 1930 kwa ajili ya jeshi lao. Waingereza walipoliona vitani walilipenda wakaliiga, na jina la jerikeni likatokana na jina la utani walilowaita Wajerumani. Ubora wake ni kwamba limeachiwa nafasi ya hewa juu, ili mafuta yakipata joto yapate pa kutanukia.

Nafasi hiyo ni ya lazima kwa chombo chochote. Lita 20 za petroli zikiongezeka joto kwa nyuzi 20, hutanuka kwa karibu mililita 400. Dumu lililojazwa hadi shingoni asubuhi ya baridi Ngaramtoni, likashushwa mchana Mto wa Mbu, litavimba na kuvuja. Kwa dumu la lita 20 tuweke lita 19. Pia tusiweke lita 3 ndani ya dumu la lita 20 kwa miezi kadhaa, maana nafasi kubwa ya hewa ndiyo inayozeesha mafuta. Kiasi kidogo kiwekwe kwenye chombo kidogo.

Kila dumu liandikwe kwa rangi isiyofutika: PETROLI. Kisha kibandikwe kikaratasi chenye tarehe ya kununua. Dumu la petroli lisitumike kamwe kwa mafuta ya taa, wala la mafuta ya taa kwa petroli. Kosa hilo limeunguza watu majumbani. Mafuta ya taa kwenye joto la kawaida hayatoi mvuke wa kutosha kulipuka, lakini petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi ya karibu nyuzi 40 chini ya sifuri. Petroli ikitiwa kwenye taa au jiko la mafuta ya taa, kiberiti kimoja kinatosha kuteketeza nyumba.

Mahali pa kuhifadhi

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hivi. Haupandi juu na kutoka dirishani. Hutambaa chini sakafuni, huweza kusafiri mita kadhaa hadi kwenye jiko la mkaa la jirani, na moto ukarudi nao hadi kwenye dumu. Kwa sababu hiyo:

(i) Petroli isihifadhiwe ofisini, jikoni, kwenye stoo ya vitabu, wala ndani ya chumba chenye jenereta.

(ii) Kijengwe kibanda kidogo cha peke yake, kivulini, chenye matundu ya hewa juu na chini karibu na sakafu. Matundu ya chini ndiyo ya muhimu zaidi.

(iii) Kibanda kifungwe kwa kufuli, na ufunguo uwe kwa mtu mmoja anayejulikana na msaidizi wake.

(iv) Pawe na ndoo ya mchanga mkavu na, ikiwezekana, kizima moto cha unga. Petroli huelea juu ya maji, hivyo anayeimwagia maji anausambaza moto. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 114, iandikwe mlangoni.

Wakati wa kujaza kituoni, dumu liwekwe chini ardhini, si juu ya keria ya pikipiki wala ndani ya pikapu, ili cheche ya umeme tuli isitokee. Nyumbani mashine ijazwe ikiwa imezimwa na imepoa kwa angalau dakika 15, na simu iwekwe mbali. Mafuta yasinyonywe kwa mdomo kupitia mpira. Petroli ikiingia mapafuni husababisha homa kali ya mapafu. Aliyekunywa asitapishwe wala asipewe maziwa, bali apelekwe hospitali mara moja.

Ajali ya Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, na ile ya Sachangwan nchini Kenya tarehe 31 Januari 2009, kila moja ilichukua maisha ya watu zaidi ya 100 waliokuwa karibu na lori la mafuta lililopinduka. Dumu moja haliwezi kulinganishwa na lori zima, lakini mvuke ni uleule.

Mashine inapopumzika

Kama mashine inatumika kila wiki, hakuna la ziada la kufanya. Kama itakaa chini ya mwezi mmoja, tangi lijazwe karibu na kujaa ili kupunguza hewa na unyevu. Kama itakaa zaidi ya hapo, fuateni hatua hizi:

1. Zimeni mashine, iacheni ipoe, kisha mimineni petroli yote ya kwenye tangi ndani ya dumu kwa kutumia faneli yenye chujio.

2. Washeni mashine nje penye hewa, iungurume hadi ijizime yenyewe kwa kuishiwa mafuta.

3. Legezeni skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta mtoe tone lililobaki, kisha ikazeni.

4. Fungeni koki ya mafuta.

5. Andikeni kwenye kikaratasi na kukifunga kwenye mshikio: "Tangi tupu", pamoja na tarehe.

Hatua ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi, nayo ndiyo inayookoa kabureta. Kazi yote haizidi nusu saa, na kijana yeyote wa usharika anaweza kufundishwa na fundi kwa siku moja.

Jenereta ya zahanati isiachwe tupu, maana dharura haitoi taarifa. Hiyo iwashwe mara moja kila mwezi kwa dakika 20, ikiwa imeunganishwa na taa au jokofu ili ifanye kazi ya kweli. Ikikataa kuwaka siku ya majaribio, fundi ataitwa mchana kwa utulivu.

Kwa msumeno wa mnyororo na mashine za kufyekea zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili, fuateni kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Pakiandikwa 50:1, lita 1 ya petroli hutiwa mililita 20 za oili. Pakiandikwa 25:1, hutiwa mililita 40. Mchanganyiko huo usikae zaidi ya mwezi 1. Changanyeni wa kazi ya wiki hiyo tu, na utikiseni kabla ya kumimina.

Mashine nyingi za kusaga vijijini hutumia dizeli, ambayo hudumu zaidi kuliko petroli, kati ya miezi 6 na 12 ikitunzwa vizuri. Adui yake mkubwa ni maji, kwa kuwa vijidudu huota kati ya maji na dizeli na kuziba chujio. Chombo chake kiwe tofauti na cha petroli.

Petroli ipite, isikae

Yote tuliyoeleza yanaweza kufupishwa kwa mfano wa mifereji yetu. Maji ya mfereji unaotiririka kutoka mlimani hubaki masafi kwa sababu yanapita. Yakisimama kwenye dimbwi huoza. Petroli nayo iwe ya kupita.

Njia rahisi ni kuiunganisha mashine inayolala na chombo kinachotembea. Sharika nyingi zina pikipiki ya mwinjilisti, ambayo hunywa petroli kila wiki. Dumu la akiba ya jenereta likifikisha miezi 2 bila kutumika, petroli yake itiwe kwenye pikipiki ikiwa bado nzuri, na dumu lijazwe upya. Fedha iliyokuwa inunue mafuta ya pikipiki juma hilo ndiyo inayonunua akiba mpya ya jenereta. Usharika haupotezi hata shilingi, na zahanati ina mafuta mapya wakati wote. Angalizo ni kwamba petroli iliyochanganywa na oili isitiwe kwenye pikipiki ya kawaida.

Utaratibu huu unahitaji daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye daftari la mafuta ziandikwe tarehe ya kununua, lita zilizoingia, lita zilizotoka, mashine iliyotumia, saa ilizofanya kazi, na saini. Tumeshuhudia mlinzi akinyooshewa kidole kuwa anaiba petroli kwa sababu dumu limepungua, kumbe mpira wa mfuniko umekatika na mafuta yanaruka. Tumeshuhudia pia kinyume chake. Penye daftari, ukweli hujulikana bila kumvunjia mtu heshima. Pasipo daftari, kila mtu hushukiwa na amani ya usharika huvunjika kwa sababu ya lita mbili.

Kuitambua petroli iliyozeeka

Chukueni kidogo mkiweke kwenye chupa ya kioo iliyo safi na kavu, kando ya petroli mpya. Iliyozeeka huwa na rangi nzito, na harufu yake ni ya uchachu kama ya rangi au vanishi badala ya ile kali ya kawaida. Kama kuna maji, mtayaona chini yamejitenga. Petroli hiyo isitiwe kwenye mashine ndogo yoyote.

Wala isimwagwe ovyo. Mji wa Arusha na vijiji vyake hunywa maji ya chemchemi na visima vinavyotegemea mvua za Mlima Meru. Petroli inayomwagwa chooni, mtaroni au kando ya Mto Themi huzama ardhini na kuyafuata maji hayo. Isitumike kuwashia takataka pia. Ipelekwe kwenye gereji inayokusanya mafuta machafu, ikiwa ndani ya chombo kilichoandikwa.

Neno kwa wafadhili wetu

Marafiki wapendwa, tunaposhukuru kwa mashine mnazotupatia, tunaomba mambo mawili yazingatiwe katika bajeti za miradi. La kwanza, pamoja na bei ya mashine liwepo fungu dogo la dumu linalofaa, kibanda, kizima moto na siku moja ya mafunzo kwa watakaoitumia. Gharama hizo ni ndogo zikilinganishwa na bei ya jenereta, nazo huongeza miaka ya maisha yake.

La pili, maelekezo yatokayo kwenu yasiletwe kama yalivyo. Petroli nyingi ya Marekani ina ethanoli asilimia 10, na Uingereza ilianza kuuza ya aina hiyo kama petroli ya kawaida mwaka 2021. Ethanoli hunyonya unyevu, ndiyo maana vitabu vya mashine huko huionya sana. Hapa kwetu maonyo ya kwanza yahusu bati la moto, mfuniko uliolegea na dumu la njano. Tukae pamoja na fundi wa mahali husika tuyaandike upya kwa Kiswahili.

Hitimisho

Tunaziomba kamati zichukue hatua nne kabla ya kikao kijacho: kukagua kila tangi la mashine na kuuliza mafuta yaliyomo ni ya lini, kuandika tarehe kwenye kila dumu, kumteua mtunza mafuta mmoja na msaidizi wake, na kufungua daftari. Hatua hizi zinagharimu kalamu, karatasi na asubuhi moja ya Jumamosi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa zahanati iliyo mbali na barabara ya lami, ufa wenyewe ni tone la petroli lililosahaulika kwenye kabureta. Watakaolipa gharama ya ukuta ni mama aliyekuja kujifungua na muuguzi anayemhudumia kwa mwanga wa simu.